Ukingo wa Soksi za Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla hata chai haijachemka. Naanza na hilo ili nyie mnaoshika sindano leo msije mkadhani mimi nilizaliwa fundi. Ilikuwa mwaka 2012, Kasulu mjini, chumba cha nyuma ya duka la nyuzi la Mzee Salumu. Wanawake wanane tulikaa kwenye mabenchi mawili, tunafuma masweta ya shule kwa mkono. Kasulu asubuhi ni baridi, mnajua wenyewe, na mtoto wa shule bila sweta anafika darasani anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Mimi kufuma sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nyumbani kwetu Muyama, kwa spoki mbili za baiskeli na sweta la mtumba. Nililifumua lile sweta uzi kwa uzi nione lilivyokwenda, halafu nikalirudishia. Mara ya kwanza likatoka gunia. Mara ya nne likatoka sweta. Kwa hiyo nilifika pale kifua mbele, nikasema mimi ni fundi. Nikapewa uzi wa kijani nianze kiuno cha sweta.

Mkubwa wa chumba tulimwita Fundi Mkuu. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, hata Mzee Salumu mwenye duka alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mama mnene, mfupi, Mkristo wa kukaa benchi la mbele kanisani, na alikuwa na tabia ya kushika kazi ya mtu bila kuiangalia. Anapitisha kidole gumba tu kwenye ukingo, macho yako wapi sijui. Akaja kwangu, akapitisha kidole.

"Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Benchi zima wakacheka. Mimi damu ikanipanda. Nikasimama, nikawaambia wanaocheka kwamba nitawafumua wao kabla ya masweta yao. Fundi Mkuu hata sauti hakupandisha.

"Toka. Hasira zako kazianike nje."

Nikatoka. Ila sikwenda nyumbani, ningeanzia wapi kwenda nyumbani? Nikakaa kwenye jiwe pale mlangoni hadi mchana. Alipotoka kwenda kula akanikuta.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Njaa?"

"Sina."

"Mwongo. Ingia. Ukinianzia tena ukingo kama ule nakuchoma na sindano."

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wake. Mtu akimsema Fundi Mkuu, amenisema mimi, na mimi sina subira.

Sasa niwaeleze kazi. Sweta linaanzia chini, kiunoni. Unaweka vitanzi kwenye sindano, vyote unavyovihitaji kwa safu nzima, hapo ndipo mwanzo wa sweta. Halafu unafuma zile mbavu, kitanzi kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma. Tuliziita mbavu kwa sababu zinapanda na kushuka, na zinavutika. Ndizo zinazoshika kiuno, mkono na shingo. Shingo tulifuma kipande cha peke yake, tukianza na ukingo wa juu, halafu tunakishonea. Lakini mbavu zikivutika halafu ule mstari wa mwanzo usivutike, ni bure. Ni kama mfuko wa mpira uliofungwa mdomo kwa kamba ya katani.

Na mstari wa mwanzo wa Fundi Mkuu ulikuwa kamba kweli. Alitufundisha hivi: ukishaweka vitanzi vyote, unavua kandambili, unakanyaga ncha moja ya kazi, unaivuta juu kwa mikono miwili mpaka vitanzi vikae. Tuliita kukaza kwa mguu. Chumba kizima utaona wanawake wamekanyaga masweta yao wanavuta, mgeni akiingia anadhani tunapigana na nyoka. Ukingo uliokazwa kwa mguu haufumuki. Mtoto anamrithisha mdogo wake, mdogo wake anamrithisha mwingine, sweta limetoboka viwiko, ukingo uko vile vile. Hilo ndilo lililompa Fundi Mkuu jina, Kasulu mpaka vijijini.

"Ukingo ukilegea, fundi kalegea," alikuwa anasema.

Ila shingo, jamani. Kichwa cha mtoto kupita kwenye ile shingo ilikuwa vita. Masikio yanakwama, mtoto analia ndani ya sweta, mama anavuta. Tulikuwa tunasikia tunacheka. Tukisema ni vichwa vyetu sisi Waha, vikubwa.

Mwaka 2013 nikapelekwa Kibondo. Mzee Salumu alikuwa amefungua tawi dogo kule, chumba kimoja, mafundi wanne, na mkubwa wake tukimwita Msimamizi. Kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amefanya kazi ya duka Dar, na kila sentensi lazima aitaje Dar. Kufuma hajui, sindano anashika kama anakula tambi. Tukapata kazi ya masweta ya shule moja upande wa Kumsenga. Tukafuma, tukapeleka. Wazazi wakayarudisha, hayana shingo! Walikuwa wamezikata kwa wembe ili watoto wapumue, wakaja na masweta yamefumuka mpaka kifuani.

Msimamizi akasimama mbele yetu, kashika moja.

"Huyu bibi yenu wa Kasulu anafuma kola za mbwa."

Mimi nilikuwa nimeinamia ndoo. Tulikuwa tunaloweka nyuzi zilizofumuliwa kwenye mitumba, maana zinakuwa na mikunjo kama tambi, usipoloweka ukazitundika na jiwe, hazinyooki. Maji yalikuwa yametoka rangi zote za dunia. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikammwagia ndoo nzima.

Nikarudishwa Kasulu. Fundi Mkuu alinikuta pale pale kwenye jiwe langu la mlangoni, na mkoba wangu.

"Nasikia umempiga mkubwa wako."

"Nimemmwagia maji tu."

"Ya moto?"

"Ya baridi."

"Basi kazi umeifanya nusu. Ingia."

Hakuniuliza alisema nini. Ila nadhani alijua, kwa sababu siku hiyo alichukua shingo ya sweta mezani, akaivuta kwa vidole, akaiachia, akaivuta tena. Akairudisha.

Mwaka 2014 miguu ikaanza kumvimba. Mwanzoni alisema ni kukaa sana. Akawa anavua viatu mchana. Halafu vikawa haviingii tena, anakuja na kandambili za mume wake marehemu. Hospitali ya Kabanga wakampima, wakasema ni moyo, wakampa vidonge, wakamwambia ainue miguu, asivae kitu kinachobana, na asikae na baridi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyotushinda. Miguu ilikuwa baridi kama chungu cha maji, anatetemeka mpaka sindano zinagongana. Na kila soksi ilibana. Za dukani za nailoni zilimkata. Za kwake mwenyewe, alizozifuma kwa mkono wake, zilimkata kuliko zote.

Siku moja alinishikia bega ili avue. Nikaona. Pale ukingo wa soksi ulipokaa pamechimbika mstari kuzunguka mguu mzima, kidole kingelala humo ndani. Nyuma ngozi imepasuka, inatoa maji. Ukingo wake. Ule ule wa kukaza kwa mguu.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Fuma."

Nikaanza kutafuta. Nikajaribu kuanza vitanzi kwa sindano mbili kwa pamoja ili vilegee; soksi ikamwagika mguuni kama sketi. Nikajaribu kukata ukingo na kushonea kwa uzi mwembamba, ikafumuka. Nikapima mguu asubuhi, nikafuma ya saizi hiyo, asubuhi ikaingia vizuri, jioni mguu umevimba umeimeza. Mimi namfumia na yeye anazivaa kimya, hakulalamika hata mara moja, anavaa nilichompa, jioni anavua na mstari upo. Kimya chake ndicho kilichonitia wazimu. Angenitukana ningelala vizuri.

Basi siku moja akaingia dukani kwa Mzee Salumu mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa na kibali cha kutoka siku hiyo, kanunua nyuzi, na mkononi ana kofia za watoto wachanga anazouza. Mzee Salumu, na maneno yake ya Tanga, akamtania.

"Mama, kofia ndogo hii unamvisha nani, embe?"

"Weka mukono ndani, papa."

Mzee Salumu akaingiza mkono. Ngumi yote. Ukingo ukafunguka, ukaufuata mkono, na alipoutoa ukarudi ukawa mdogo vile vile. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamnyang'anya Mzee Salumu ile kofia, samahani nilimnyang'anya kweli, nikatafuta mstari wa mwanzo. Hakuna. Mbavu zinapanda, zinafika ukingoni, zinakunja kona na kushuka upande wa ndani. Kama vile kofia haikuanzia popote.

"Mama, hii umeianzaje?"

Akanicheka. "Weye, mi naanza vile bamasere, wale basista ba kanisa, balinifundisha kule kwetu. Kuja soko ya kambi, nitakuonyesha. Hapa mbio-mbio hapana."

Ndiye Mama Esperansi. Nikaenda. Nilimwambia Fundi Mkuu naenda kwa shangazi Makere, maana ningemwambiaje? Yeye ni ukingo wake. Kanisani watu wanamsalimia kwa ukingo wake. Nimwambie naenda kambini kutafuta mwingine kwa sababu wa kwake unamla miguu?

Mama Esperansi alikuwa na meza ya kuuza chumvi, sabuni za vipande na vikofia. Akanikalisha kwenye dumu. Sikilizeni vizuri sasa, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Unaanza na uzi usio wako, yaani wa rangi nyingine, ambao baadaye utautoa. Na vitanzi unaweka nusu tu ya unavyovitaka. Mimi hapo hapo nikabisha.

"Nusu? Sisi tunaweka vyote mwanzoni."

"Ninyi munaweka vyote, njo maana munalia. Weka nusu."

Unafuma safu tatu hivi na huo uzi wa kutoa. Halafu unaingiza uzi wako wenyewe. Unafuma kitanzi kimoja, kisha unarusha uzi juu ya sindano bila kufuma, unafuma kinachofuata, unarusha tena. Kufika mwisho wa safu, nusu imekuwa nzima, maana kila uzi uliorushwa ni kitanzi. Unageuza. Sasa kile ulichokirusha unakifuma, na kile ulichokifuma unakihamisha tu kwenda sindano ya pili, uzi unapita mbele yake. Safu inayofuata vinabadilishana: kilichohamishwa kinafumwa, kilichofumwa kinahamishwa. Ukienda hivyo safu nne, unapata kitambaa chenye matumbo mawili, kimoja mbele, kimoja nyuma, na katikati kuna uwazi kama bomba. Hapo ndipo unaanza mbavu zako za kawaida. Kazi ikiisha, ule uzi wa rangi, safu yake ya mwisho unaukata pembeni, unauvuta, kipande chote cha rangi kinadondoka. Unabaki na ukingo usio na mwanzo, na hakuna kamba ya kubana chochote.

Kusema ni rahisi. Mimi nilifanya, nikarusha, nikafika mwisho wa safu, na bila kufikiri nikavua kandambili, nikakanyaga, nikavuta.

Mama Esperansi alipiga kelele mpaka wauza dagaa wakageuka.

"Yesu! Unaua nini?"

"Nakaza."

"Unakaza nini? Vitanzi vya kurusha viko wapi? Angalia! Umevimeza vyote!"

Kweli, vyote vimezama, nusu imerudi kuwa nusu. Nikaanza upya. Nikarusha, nikafika mwisho, na mguu wenyewe ukajivua kandambili. Naapa, mimi sikuuambia. Wanawake wa meza za jirani walikuwa wanakufa kwa kicheko. "Funga ule muguu yake na kamba!" Mimi nikatupa kazi chini nikasema siwezi, na ukingo wao ni ukingo wa kichawi, na siji tena. Mama Esperansi akaokota, akapangusa tope.

"Unafumia nani?"

Nikamwambia. Kila kitu, miguu, mstari, ngozi iliyopasuka, kimya.

Hakusema pole. Akavua kandambili zangu zote mbili, akazikalia.

"Sasa utakanyaga na nini? Na muguu ya matope? Anza."

Ndivyo nilivyojifunza. Nilirudi pale siku nyingi za soko, na kila nikifika ananyoosha mkono, namkabidhi kandambili. Mwisho nikatoa soksi mbili za uzi mweupe laini, ule wa watoto, ndefu mpaka chini ya goti. Soksi zetu tulifuma bapa kwa sindano mbili, halafu unashona ubavuni mshono mlegevu.

Nikampelekea Fundi Mkuu nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani, miguu juu ya gunia la maharage. Nikamwekea mapajani, nikasema mama, jaribu. Akazichukua, na bila kuangalia akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda tena. Ndipo akaangalia.

"Umeanzia wapi?"

"Hapo juu."

"Sikuulizi umeanzia upande gani. Mwanzo uko wapi?"

"Haupo."

"Nani kakufundisha?"

Mara hii sikuweza kusema mwenyewe. Nikasema Mama Esperansi, wa kambini.

Nje kuku walikuwa wanapekua majani. Halafu akazikunja soksi, akaziweka kwenye kikapu cha nyuzi chakavu, zile za kujazia mito.

"Umezunguka mjini na kambini ukisema Fundi Mkuu kashindwa kujifumia soksi."

"Sijasema hivyo!"

"Umesemaje?"

"Nimesema unaumia!"

"Nani kakutuma?"

Nikapandisha sauti. Nilimwambia zinamla miguu, ukingo wake unamla miguu, na kama anataka kufa na sifa za ukingo basi afe, mimi sitamwangalia. Nikabamiza mlango mpaka fito ikaanguka. Njia nzima nalia kwa hasira, watu wananipisha.

Siku chache baadaye wakamlaza Kabanga. Mimi niliambiwa na Mzee Salumu, akafunga duka mchana kweupe anipeleke kwa pikipiki yake, na huyo mzee hafungi duka hata siku ya mvua ya mawe. Nikaingia wodini nimejiandaa kutukanwa. Nikamkuta ameegemea mito. Mguu wa kulia umevaa soksi yangu. Wa kushoto uko wazi chini ya kanga, na mapajani kuna fundo la uzi mweupe wenye mikunjo.

"Mwakeye, mama," nikamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye. Nyingine nimeifumua."

"Kwa nini?"

"Nione ulivyoanza. Nimefumua kuanzia kidoleni, nikapanda, nikapanda, nikafika juu. Uzi ukaisha mkononi, na mwanzo sikuuona." Akanitazama kwa hasira kabisa, kama mtu aliyeibiwa. "Miaka yote hii sijawahi kufumua kitu nisione kilivyoanza. Kaa hapo. Nionyeshe."

Nikakaa. Nikamwambia uzi wa kutoa wa rangi nyingine, akatoa mwekundu kwenye kikapu chake. Nikamwambia nusu ya vitanzi. Akaguna kama nilivyoguna mimi. Akaweka nusu. Mikono yake ilikuwa mizito, imevimba na yenyewe, lakini kidole gumba bado kinajua. Alirusha uzi, akafuma, akarusha, akafuma. Akafika mwisho wa safu akasimama. Nikaona mguu wake wa kushoto unasogea chini ya kanga, vidole vinajikunja.

"Mama, hapana. Hapo hatukazi."

"Najua. Hata ningetaka, mguu hauna nguvu." Akaucheka mguu wake. "Mungu naye ana mambo."

Alikuwa anafuma kidogo kidogo. Safu moja, analala. Safu nusu, analala. Akikosea anatukana Kiha chote, wagonjwa wa vitanda vya jirani wanaziba masikio na kucheka. Wakati mwingine ananifukuza, anasema pumzi zangu zinamharakisha. Nilikuwa namshushia kidogo ile soksi ya kulia jioni nichungulie. Mguu ulikuwa umevimba vibaya, unang'aa, ila pale kwenye ukingo ngozi ilikuwa sawasawa. Ile mipasuko ya zamani ilikuwa imeanza kukauka.

"Kuna mstari?" anauliza.

"Hakuna."

"Ongopa tu."

"Kweli hakuna, mama."

Siku aliyomaliza zile safu nne na kuanza mbavu, aliivuta ile kazi kwa vidole viwili, akaiachia, ikarudi. Akaivuta tena. Nikakumbuka ile shingo aliyoivuta siku niliporudi kutoka Kibondo.

"Wale watoto," akasema. "Vichwa havikuwa vikubwa."

Akaiweka kazi mapajani.

"Adela, mwana wanje. Ukimfundisha mtu hii, usiseme ni yangu. Sema ni ya huyo mama wa kambini. Ya kwangu ni ile inayobana."

"Ya kwako haifumuki, mama."

"Ego, ndiyo hivyo. Haifumuki." Akafumba macho. "Sema ni yake."

Alifariki asubuhi, mwanzoni mwa mwaka 2015, mimi nikiwa njiani na uji. Ile soksi ya kushoto ilikuwa mbavu tu, urefu wa kiganja cha mkono, sindano ziko ndani na uzi mwekundu bado uko juu. Mtoto wake wa kiume alikuwa Mwanza, mazishi yakasubiri afike. Mimi nikakaa nje, kwenye majani karibu na chumba cha maiti, na kuimalizia. Mbavu zake, halafu chini yake mfumo wangu. Unaona kabisa mkono ulipobadilika: juu vitanzi vimekaa sawa kama mahindi kwenye gunzi, chini vya kwangu vina haraka.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumvisha, kiongozi wao alikuwa na soksi mpya za nailoni, nyeusi, bado zina karatasi.

"Hizo hapana," nikasema.

"Binti, hizi ni za heshima. Hiyo yako hata uzi mwekundu unaning'inia."

"Nimesema hapana."

"Maiti hasikii kubanwa."

Nadhani ningempiga. Nasema kweli, na Mungu anisamehe. Lakini Mzee Salumu aliyekuwa amesimama nje ya mlango na kofia yake mkononi akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huyo binti ndiye mtoto wake wa kazi. Mwacheni." Wakasogea.

Nikamvisha wa kulia. Nikamvisha wa kushoto. Halafu nikakata uzi mwekundu pembeni, kwa meno, maana mkasi sikuwa nao, nikauvuta. Huo ndio wakati ambao fundi anaogopa, kwa sababu kama alikosea hata kitanzi kimoja kule mwanzoni, ukingo wote unakufungukia mkononi. Na yeye aliweka vile vitanzi kitandani, mikono imevimba, anasinzia kati ya kitanzi na kitanzi. Uzi ukatoka. Kipande chekundu kikadondoka sakafuni. Ukingo ukabaki pale pale, chini ya goti lake, umekaa.

Nikaushusha kidogo nichungulie, kwa mazoea. Hakukuwa na mstari.

Mama Esperansi hakuja mazishini, kibali hakupata. Baadaye mwaka huo huo nikaenda sokoni kwake nimpelekee habari, na lile agizo la marehemu. Kambi ilikuwa imefurika watu wapya kutoka Burundi, wanaendelea kushuka na magodoro, na pale ilipokuwa meza yake kuna mtu mwingine anauza ndizi. Nikauliza meza zote. Mmoja akasema amehamishiwa upande mwingine, mwingine akasema wameshapelekwa nchi za mbali yeye na watoto. Mpaka leo sijui. Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba siku hiyo, nikakumbuka kandambili, nikashindwa kusimama pale.

Chumba cha nyuma Mzee Salumu alikifunga. Masweta ya mashine yalikuwa yameanza kuja kwa marobota kutoka Dar, yamekunjwa kwenye nailoni, mepesi, mtoto akilifua mara tatu limekuwa wavu. Akina mama wengine wakaenda kulima, wengine wakauza vitumbua. Mimi nikarudi Muyama. Watu wananicheka nikisema nimestaafu, kwa sababu sijafika hata thelathini. Wacheke. Mtu anastaafu kazi ikiisha, siyo nywele zikiwa nyeupe. Mikono ninayo, sindano ninazo, uzi naweza kupata. Wa kupitisha kidole gumba kwenye kazi yangu bila kuiangalia ndiye sina, na bila huyo nikifuma najisikia kama naongea peke yangu.

Ila wasichana wanakuja. Wengine wametumwa na mama zao, waliopitia chumba chetu. Wanakaa barazani kwangu na uzi wao wa mtumba. Nawaambia weka nusu, wanabisha. Wanaweka. Wanarusha, wanafuma, wanarusha, wanafika mwisho wa safu, na hapo hapo, kila mmoja wao, bila kuambiwa, anavua kandambili. Mama zao walifundishwa na Fundi Mkuu, na Kasulu nzima bado inakaza kwa mguu.

Huwa nauangalia ule mguu kwanza. Halafu nanyoosha mkono nadai kandambili, zote mbili, nazikalia. Na kabla hawajaanza upya nawaambia ukingo huu ni wa nani.

Ni wa Mama Esperansi, wa Nyarugusu.